Barua ya Ukapteni wa Kasaya

Meja na maofisa wote, askari wa kikosi cha Kegondi na vikosi jirani, ndugu zangu wa kanisa la Marafiki, majirani, mimi ni Nahashoni Lugalia, mwalimu mstaafu, mdogo wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake, ingawa pengine wangemtuma mwingine kama wangejua ninayokwenda kusema.

Rasoa Kasaya alizaliwa tarehe 4 Agosti 1957 hapa Kegondi, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Lugalia na Mama Inyangala, akasoma shule ya msingi ya hapa hadi mwaka 1972, na katika mwaka huo huo akafuata ngoma na matari ya Jeshi la Wokovu mpaka akaapishwa chini ya bendera kuwa askari. Baba yetu alikuwa Rafiki wa tangu misheni ya Kaimosi, mtu asiyetaka hata kusikia neno vita, naye alimuuliza mbele yetu sote, "Nimekuzaa Rafiki, unaenda kuwa askari wa nani?" Kasaya akajibu, "Wa Yesu, baba, na bunduki hawatupi." Baba alinuna mwezi mzima, kisha akamnunulia viatu vyeusi vya sare.

Mwaka 1981 aliingia chuo cha maofisa Nairobi akiwa kadeti, akatoka 1983 akiwa luteni, akatumwa kikosi cha milimani huko Nandi, akahubiri, akazika watu, akapatanisha waliogombana, na mwaka 1986 akawa kapteni, tukaanza kumwita hivyo hata nyumbani, mimi kwa kumtania, "Kapteni, ruhusa niongeze ugali?" naye akinijibu bila kucheka, "Ruhusa imekataliwa, raia."

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu Enosi Kidiavai, fundi cherehani wa Mudete, aliyemshonea sare. Enosi alikuwa askari mwaminifu lakini hakuwa ofisa, na kwa utaratibu wa siku zile ofisa aliolewa na ofisa mwenzake, la sivyo alirudisha cheo. Dada alijua, akachagua. Enosi mwenyewe alizifumua zile nyota za ukapteni mabegani kwa wembe, akamwambia, "Bado unaweza kubadili nia," na dada akamwambia, "Fumua, baba, usiichane nguo."

Mungu aliwajalia watoto watatu, Jerida, Amugune na Fanisi, na wajukuu watano. Kwa miaka ishirini na minne alikaa benchi la askari wa kawaida, akawa katibu wa Ligi ya Nyumbani, chama cha akina mama wa Jeshi, akawapigia saluti maluteni aliowafundisha Biblia wakiwa watoto, na sikumsikia akilalamika. Lakini nilikuwa namwona kila mara maofisa wapya walipopita na nyota zao, alivyokuwa akijishika bega.

Saratani ya tumbo ilijulikana Mei 2013. Utaratibu ulikuwa umekwisha kulegezwa, na Meja akamshauri aombe arudishiwe cheo, basi Julai hiyo akamwandikisha Enosi barua kwa kuwa kalamu ilikuwa inamshinda, na kwa sababu nilikuwa nasafiri kwenda Nairobi, akanikabidhi mimi niifikishe makao makuu kwa mkono wangu.

Sikuifikisha. Nilikwenda kwa binti yangu, nikakaa, nikarudi na barua ikiwa ndani ya koti, na dada aliponiuliza, nikaona haya, nikasema nimefikisha. Ndani ya moyo niliona pia kwamba nyota ni mambo ya watoto, Mungu anisamehe. Baadaye nilitaka kuituma, nikaogopa kwamba jibu litataja siku barua ilipopokelewa, na uongo wangu utajulikana. Miezi minane aliniuliza, "Naha, Nairobi wamejibu?" na miezi minane nikamwambia, "Wana kazi nyingi, dada, vumilia."

Jumanne tarehe 11 Machi, saa nne na nusu asubuhi, Enosi aliniandikia kwenye simu: "Kasaya amepandishwa cheo." Ninyi watu wa Jeshi mnajua maana yake. Mimi Rafiki sikujua. Nilidhani Meja amemwombea kwa njia nyingine na wakubwa wamekubali, nikaruka pale sokoni Chavakali, nikawatangazia wauza ndizi kwamba dada yangu ni kapteni tena, na zaidi ya yote nilifurahi kwamba nimeokoka na aibu yangu. Nikapiga simu. "Shemeji, mpe kapteni niongee naye!" Enosi akauliza, "Kapteni yupi, shemeji?" Nikasema, "Si umeandika amepandishwa cheo?" Akaanza kulia, akasema, "Naha, kwetu mtu akifa ndivyo tunavyosema."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kulala nasi kilioni, akina mama wa Ligi ya Nyumbani, na walimu wenzangu.

Meja, barua ni hii, bado imefungwa, naiweka mikononi mwako, na sijui kama Jeshi lina njia ya kumjibu mtu aliyekwisha kwenda. Shemeji Enosi, uliiandika kwa mkono wako, na leo ndiyo mara ya kwanza unasikia kwamba haikufika makao makuu. Watoto wa dada, nanyi pia. Alikufa akiamini kwamba wakubwa wake wameisoma barua yake na wakanyamaza, kumbe hawakuwahi kuiona, na aliyenyamaza ni mimi.

Pumzika, dada, kwa amani uliyoistahili, mimi sasa nashuka hapa nikasimame mbele ya Enosi.