Siku Niliyotoa Upepo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Jamani, itikieni vizuri, maana leo naitangaza aibu yangu mwenyewe.

Mnanijua. Miaka ishirini nimekuwa fundi wa malori ya ushirika pale Mlowo. Lori la petroli likigoma, nachomoa plagi, naangalia cheche, kazi imekwisha. Nilijisifu mno! Mtu akiniuliza kitu, namfukuza. Kiburi kilinijaa mpaka kooni.

Kisha yakaja malori ya dizeli. Nikafungua boneti nitafute plagi. Hamna! Nikaizunguka injini kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini kuuliza nikaona haya.

Siku moja lori lenye kahawa liliishiwa mafuta. Tukalijaza, likakataa kuwaka. Fundi Salehe, Mwislamu aliyetoka Tanga, alikuwa amelala chini ya lori jingine. Akapaza sauti: "Mzee, toa upepo!" Nami, kwa kujifanya najua, nikautoa. Matairi yote sita! Lori likakaa chini na magunia yake, nanyi mkaja kucheka.

Meneja akaniambia, "Mzee Halinga, rudisha spana. Jumatatu unaanza ulinzi getini." Ndugu zangu, nililia. Spana ndizo zilizokuwa heshima yangu. Nikapiga magoti palepale kwenye grisi: Bwana, niondolee kiburi hiki!

Akajibu kupitia Salehe. Yeye hakucheka. Alimwendea meneja akasema, "Kosa ni langu, sikumweleza. Niachie mzee huyu wiki moja." Kisha akanishika mkono, akauweka kwenye nati ndogo ya bomba la mafuta. "Baba, upepo wenyewe uko humu, uliingia mafuta yalipokwisha. Legeza, piga pampu hii ndogo ya mafuta, mapovu yakiisha kaza." Nikikosea, anasema tu, "Haya baba, tuanze tena." Wiki nzima! Sijapata kuona subira kama ile, na fundi hodari kiasi kile asiye na majivuno.

Jumamosi meneja akaja kusimama mbele yangu. Nikalegeza, nikapiga pampu, mapovu yakaisha, nikakaza. Lori likanguruma! Haleluya! Spana ni hizi hapa, nimeingia nazo hata kanisani.

Namshukuru Mungu, namshukuru na Salehe. Mzee mwenzangu unayeona haya kuuliza, mtumaini Bwana, atakuletea mwalimu. Lakini fungua mdomo! Juzi yamekuja malori mengine, Salehe akaniambia yana breki za upepo. Nikamuuliza, "Upepo upi, mwanangu?" Matairi sikuyagusa.