Abdikarim Anunue Ipi?

Benchi la nje ya hoteli ya Abdikarim, pale Keroka, lilikuwa na wenyewe. Kwanza alikuwapo Ratemo, dereva wa lori aliyestaafu, waliyemwita Nairobi kwa sababu kila habari yake ilianzia huko. Wa pili alikuwa Onsongo, mtengeneza redio, jina lake la utani Waya. Wa tatu alikuwa Machogu, mkulima wa majani chai kutoka upande wa Itumbe, ambaye angeweza kumaliza vikombe vitatu bila kutamka neno, wakamwita Kimya. Alasiri hiyo, mwaka wa 1979, Abdikarim aliwawekea birika zima la kahawa na kuwaambia ni bure, mradi wamsaidie kukata shauri. Keshokutwa angekwenda Nairobi kununua mashine ya video, aiweke hotelini na kuiwasha kwa jenereta. Lakini mashine zilikuwa za aina mbili: VHS, yenye kanda kubwa, na Betamax, yenye kanda ndogo. Kanda ya moja haiingii kwenye nyingine.

— Chukua kubwa, Nairobi alisema. Mimi nimeiona kwa Mhindi mmoja pale Parklands. Inashika mpira mzima na dakika za nyongeza. Hiyo ndogo, bwana, kipa anaruka, kanda inaisha. Mpaka leo hujui kama alidaka.

— Wacha uongo, Waya alisema. Ndogo ina picha safi. Unahesabu nyasi za uwanja.

— Nani analipa pesa kuhesabu nyasi?

— Na hiyo kubwa yako inakula stima. Ukiiwasha hapa, jenereta itakohoa mpaka Manga wasikie.

— Kubwa inashika hata sauti! Ukiisahau imewashwa, kila tunachosema kwa hii benchi kitatoka kesho, wake zetu wakiwa wamekaa pale mbele.

— Basi hiyo ndiyo sababu ya kununua ndogo, alisema Abdikarim, wakacheka.

Machogu hakucheka. Ndani ya koti lake, kwenye kwapa la kushoto, kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alikuwa amekitoa juu ya kabati asubuhi, mkewe Bitutu alipotangulia sokoni, na tangu hapo hakuwa ameinua mkono huo vizuri.

— Ndogo, alisema.

Wote wakageuka.

— Kimya amesema! Waya alipiga paja. Haya, tupe sababu, mzee.

— Ni ndogo tu. Upana wake ni kiganja. Ukiitikisa haigongi ndani.

— Umeitikisia wapi wewe? Nairobi aliuliza. Hapa Keroka nzima hakuna mtu ameshika kanda ya video.

Machogu alitazama kikombe chake. Kisha akafungua koti, akaweka lile gazeti juu ya benchi na kulikunjua.

Waya aliinama akasoma maandishi kwenye kanda.

— Ni Betamax kweli. Umeipata wapi?

— Imetoka Uingereza. Kwa Esnah.

Habari hiyo wote waliijua. Esnah, binti wa Machogu, alikwenda kusomea uuguzi, na miaka mitatu iliyopita akaandika kwamba anaolewa na mtu wa Ghana. Machogu alisema hakuna mzee yeyote aliyekuja kuketi nyumbani kwake, kwa hiyo hakuna ndoa, na asisikie habari hiyo tena. Barua zikawa zinamjia Bitutu. Akianza kuzisoma, Machogu anatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

— Shule anakofundisha mumewe wana kamera, alisema polepole. Wamempiga mtoto wao picha. Esnah ameniandikia hapo juu, "Kwa Baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema "mumewe."

— Basi imekwisha, alisema Abdikarim. Nanunua ndogo.

— Na mpira? Nairobi aliuliza.

— Kipa atangoja. Mtoto wa watu aonekane kwanza.

— Hata mimi nilikuwa nasema ndogo, Nairobi alisema, na Waya akamtupia kofia.

Mama yake Abdikarim, Hawo, alikuwa ametoka Kisii mjini adhuhuri hiyo kumtembelea mwanawe. Alitokea mlangoni kuona kelele ni za nini, wakamweleza. Akaishika ile kanda kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kichanga.

— Mashallah, baba. Anaitwa nani?

Waya alimtazama Nairobi. Nairobi alimtazama Machogu. Machogu aliinuka.

— Kahawa yangu iacheni hapo, alisema, akachukua kanda yake na kuvuka barabara hadi sokoni.

Bitutu alikuwa amekaa nyuma ya ndizi zake. Alimwona akija, akaitambua na kanda mkononi mwake.

— Mama Esnah. Huyo mtoto anaitwa nani?

Mkono wa Bitutu ulibaki juu ya chane la ndizi. Swali hilo alikuwa amelingoja tangu mtoto azaliwe.

— Mokeira.

Machogu alivua kofia. Lilikuwa jina la mama yake, waliyemzika mwaka ule ule Esnah alipopanda ndege.

— Nani alimwambia ampe hilo?

— Hakuna. Alilitaka mwenyewe, na mumewe akakubali. Imo kwenye barua ya nne, Baba Esnah. Wewe ulikuwa kwa ng'ombe.

Alisogea, akamtandikia gunia kando yake. Machogu akaketi, kanda mapajani. Akalitamka lile jina kwa sauti ndogo, mara mbili.

— Anatembea?

— Mbona anakimbia! Hebu nisaidie kuita wateja. Hizi zikiisha mapema tutakwenda nyumbani, nikusomee barua zote.

Na Kimya wa Keroka akasimama katikati ya soko, akaanza kutangaza ndizi.