Bi Maimuna na Blanketi la Wodi ya Wazazi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Bi Maimuna Chirau, mhudumu wa wodi ya wazazi katika kituo chetu cha afya, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Anarudi kwao Shimoni, kwenye nyumba aliyoijenga polepole na ambayo, kwa maneno yake, bado inamlilia baraza.

Alianzia jikoni, akipika uji wa wazazi. Alihamishiwa wodini kwa sababu wazazi walikuwa wakimwita yeye hata walipokuwa hawana njaa. Tangu hapo amefua, amepiga deki, amekanda migongo, na amewanyamazisha mabwana waliopiga kelele dirishani.

Wengi watamkumbuka kwa mablanketi. Huku kwetu mtoto hupokewa kwa leso za jamaa zake. Bi Maimuna aliona wapo wazazi wanaokuja peke yao, bila mtu wala leso. Akanunua nyuzi laini za sweta kule Ukunda, akawafundisha wafanyakazi wenzake kufuma. Kazi ikitulia, kila mmoja wao alifuma kipande cha mraba, naye akaviunganisha. Caroline, muuguzi wetu kutoka bara, alipofika aliuliza, “Bi Maimuna, na joto hili lote, blanketi la nini?” Akajibiwa, “Subiri mvua za Mei, mwanangu. Utaniomba wewe.” Mei ilipofika, aliomba.

Mke wangu Kadzo, aliyekuwa mkunga wodini humo, alifuma huku akipiga soga. Soga ikinoga, vitanzi viliongezeka bila yeye kujua, na kipande kilichoanza sawasawa kikaishia kipana kama mkia wa samaki. Bi Maimuna hakukifumua hata kimoja. Alifuma chake kikipungua kadiri cha Kadzo kilivyopanuka, akavishona ubavu kwa ubavu, na blanketi likanyooka. Kadzo aliamini hadi mwisho kwamba yeye ndiye fundi wetu. “Chako kimepinda, Luqman! Tazama changu,” alikuwa akimwambia msaidizi wa maabara. Bi Maimuna aliinamia uzi wake, mabega yakimtikisika.

Kadzo alifariki mwaka juzi. Kipande chake cha mwisho, cha rangi ya maziwa, nilikitoa kwenye droo ya wodi nikakifungia kabatini nyumbani, pamoja na vikombe vyake. Sikutaka kishonwe popote.

Mwaka huu, Bi Maimuna alipoanza blanketi lake la mwisho, alikuja kwenye meza yangu ya usajili akaniwekea kipande cha rangi ileile, kipana mwanzo, chembamba mwisho. “Tsuma mwanangu, mwenzake huyu yuko kwako,” alisema. “Ukitaka, mlete. Usipotaka, kaa nao wote wawili.” Hakuniuliza tena. Vipande vyote viwili vilikaa kabatini kwangu, na blanketi likabaki na pengo pembeni.

Wiki iliyopita alifika binti kutoka Jego kwa tuktuk, peke yake, na mfuko mmoja wa plastiki. Mtoto wake wa kike alizaliwa kabla ya adhuhuri. Saa ya chakula nilikwenda nyumbani nikavileta vile vipande viwili. Bi Maimuna alivishona palepale kwenye lile pengo, nami nikimshikia uzi. Kesho yake mtoto aliondoka amefunikwa vizuri, kipande cha Kadzo kikimgusa shavu. Yule binti alipouliza ni nani aliyefuma, Bi Maimuna alimtajia jina la Kadzo peke yake.

Bi Maimuna, wodi nzima inakushukuru. Mungu akupe afya, akupe hilo baraza, na wajukuu wa kukaa nawe hapo. Uishi kwa raha. Sisi tumeanza blanketi jingine, na safari hii nami nafuma, jioni, nyumbani. Sina wa kupiga soga naye, lakini vipande vyangu navyo vinapanuka. Wa kuvifumia wenzake bado hatujampata.