Chipu Yangu ya Mbio na Swali la Bi Subiri

Mheshimiwa Mkurugenzi, Daktari Mkuu wa wodi ya watoto wachanga, ndugu wafanyakazi wenzangu wa karakana ya vifaa vya hospitali, na wewe mama yetu unayestaafu leo, habari za mchana.

Mama huyu wengi humu mnamwita Bi Subiri. Jina hilo nililianzisha mimi, tena kwa hasira.

Miaka sita iliyopita tulitengeneza kifaa cha kufuatilia mapigo ya moyo ya vichanga. Mezani palikuwa na chipu mbili, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyokiendesha kifaa: ya zamani, aliyoichagua yeye, na mpya, yenye kasi mara kumi, niliyoichagua mimi. Nilijitamba, ndugu zangu. Niliandika ripoti, nikatia sahihi, nikampelekea atie yake. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Subiri, mwanangu. Mbio inazo. Lakini inafika kwa wakati?"

Nani kati yenu angevumilia swali hilo siku ya kukabidhi, gari la kuchukua vifaa likiwa mlangoni? Mimi nilinuna. Yeye akaunganisha waya, akaniketisha mbele ya mashine ya kuchora mawimbi. Kila chipu ilipochukua sampuli ya mapigo, kimstari kiliruka. Cha kwake kiliruka kila baada ya milisekunde nne, bila kukosa. Cha kwangu kiliruka vizuri, kikapotea, kikarudi. Kumbe nilikuwa nimeiagiza chipu ionyeshe pia namba kwenye skrini, na ikiziandika, haisikilizi mapigo! Nilikuwa nimepima mbio zake ikiwa haina kazi nyingine.

"Moyo ukisita hapo katikati," akaniambia, "nani atajua?"

Gari likarudi tupu. Niliona aibu sana, lakini kwenye ripoti mama huyu aliandika "tumegundua kasoro." Hakuandika kasoro ni ya nani. Leo nawaambia mimi.

Mwaka jana mke wangu alijifungua kabla ya siku zake. Binti yetu alilazwa wodini siku kumi na tisa akiwa amefungwa kifaa hicho, chenye chipu ile ya polepole. Siku ya tano moyo wake ulisita. Kifaa kikapiga kelele, na muuguzi akafika kabla mimi sijainuka kitini.

Mama, yule pale mlangoni anayetafuna kadi yako ya mwaliko ndiye yeye.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Na wewe, mama, asante kwa kunisubirisha.