Majani Niliyoyachuma kwa Arusi ya Tahani

Sogeeni wanangu, tuanze kwa jina la Mungu, na wewe Faruk weka hizo spana chini uketi mahali ninapoona uso wako, maana haya ya leo sina pumzi ya kuyasema mara mbili. Mi sikusoma sana, niliishia Juzuu Amma na darasa la tatu, basi maneno yangu myapokee hivyo hivyo yalivyo.

Mirathi siigusi. Shehe Sulemani atagawa nyumba hii kwa sheria, kila mtu fungu lake, na asitokee wa kusema mama alinipenda zaidi, ingawa Houda nilikudekeza na dada yako anajua. Assia, wewe nilikununia mwaka mzima kwa ajili ya mume uliyemchagua, nikakataa hata kula kwako siku ya Idi. Nilikosea. Yule ni mtu mwema kuliko mkwe niliyekuwa nakutafutia. Nisamehe, na umwambie naye anisamehe.

Kilichonifanya niwakusanye ni bustani ya nyuma. Faruk, najua unataka kuimwagia sementi upange magari ya wateja, na umeshapima kwa hatua ukidhani nimelala. Kabla hujamwaga, sikiliza kilichotokea pale.

Mmekula majani ya maboga ya bustani ile, kwa karanga na mawese na ndagala wa ziwani, mpaka mkawa mnanicheka kwamba mtaota mizizi. Mtaa wetu mzima wa Buyenzi uliyasifu, jani moja linafunika sinia, wanawake wakaniuliza, "Mwantum, haya unampikia tembo?" Wengine wakasema nina dawa. Mi nikaacha sifa ziwe zangu. Apana dawa, wanangu. Ni Venansi, yule fundi baiskeli tuliyepakana naye ukuta, mume wa Epiphanie. Udongo wetu umekunywa mafuta machafu ya garaji miaka na miaka, na maboga yangu yalikuwa yanatoka ya njano, madogo kama kiganja cha mtoto. Akachungulia juu ya ukuta akacheka: "Mama Faruk, we unalima boga ao unalima gari?" Kisha akaja na jembe, akachimba mashimo ya kufika kwapani, akautupa ule udongo wote, akaleta samadi ya ng'ombe kutoka Gihosha kwa baiskeli, gunia moja moja, magunia kumi na moja, na hakutaka hata soda.

Alinifundisha kumwagia maji shinani, tena asubuhi, jani lisilale na unyevu likashika ukungu mweupe. Alinifundisha kulifukia tawi linalotambaa kwenye kila kiungo ili liote mizizi mingine, na kuyatoa maua na vitoto vya boga bila huruma, nguvu yote iende kwenye majani. Na jambo moja alilikazia kila mara: usichume majani mawili yanayofuatana. Chuma moja, ruka moja, mmea usibaki uchi.

Ikaja mwaka wa tisini na tano. Wewe Faruk ulikuwa Kigoma kwa mjomba wako, na hawa wasichana nilikuwa nimewapeleka Rumonge, ndiyo maana hamjui. Epiphanie alikuwa kwa kaka yake anasubiri kujifungua. Vijana wenye mapanga na magurunedi wakaingia katiye, mtaani kwetu hapa, wanawasaka Wahutu nyumba kwa nyumba, chini ya vitanda, ndani ya mapipa ya maji. Venansi, naye Mhutu, akaruka ukuta. Ndani ya nyumba wangempata, lakini bustanini majani yalikuwa yanafika kiunoni, yamefungamana kama paa. Akalala humo siku mbili. Nilimpelekea uji nikijifanya napalilia, naye katika hali ile bado anatania: "Mama Faruk, mwaka huu boga ni mimi."

Siku ya tatu ilikuwa arusi ya Tahani, binti wa nyumba ya Obeid. Soko limefungwa, mboga hakuna, wakaniletea ujumbe: tunakutegemea wewe. Ningeweza kukataa. Kichwa kinaniuma, majani yameliwa na wadudu, neno lolote lingetosha. Lakini nilitaka wale wanawake wa matajiri waseme, hata vita viko mlangoni, majani ya Mwantum ni yale yale. Nikachukua kapu nikaingia kutafuta makubwa, na makubwa yote yalikuwa mahali pamoja, pale samadi ilipokuwa nyingi, pale alipolala yeye. Nikachuma moja, na linalofuata, na linalofuata tena. Nikamsikia chini: "Jirani, unanivua nguo." Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Kidogo tu, kesho yataota mengine." Nikabeba kapu nikaenda arusini. Wakayasifu, nami nikala pilau.

Niliporudi mchana, bustani imekanyagwa, mtu hayupo. Mama Muadh wa ng'ambo ya barabara akaniambia wale vijana walichungulia ukutani wakaona ovaroli ya bluu kati ya majani, wakamtoa, wakamwongoza kuelekea mto Ntahangwa. Hajaonekana tena. Na mi nilifanya nini? Niliyainua matawi, nikayafukia, nikayamwagia maji.

Epiphanie akarudi na mtoto mgongoni, akaniuliza. Nikamwambia, "Alivuka mpaka kwenda Uvira, salama, amekusalimu." Miaka tisa, wanangu. Kila anayekwenda Uvira, Epiphanie anampa salamu amfikishie mumewe. Mtu mwema wa kanisani kwao alitaka kumwoa, yeye akamkatalia, akasema nina mume. Hajamlilia, hajamwombea kama wanavyowaombea wafu wao. Na kila akija hapa nampa majani, naye ananishika mikono hii anashukuru.

Haki ya Mungu namwomba Yeye, ni Mwenye kurehemu. Haki ya mtu haifutiki mpaka mwenyewe asamehe, na huyu hawezi kusamehe asilolijua. Asubuhi nimemtuma Idi muuza chai akamwite. Kama pumzi itanikatikia, Faruk, utasema wewe, neno kwa neno, hata lile la pilau. Usiseme vijana walimchukua ukaishia hapo. Sema mama aliyachuma. Akinitukana, asijibiwe. Akikataa kunisamehe, msimbembeleze. Bustani ile inaingia katika theluthi yangu ambayo sheria inaniruhusu, naiusia kwake na kwa mwanawe, lakini msiitaje mpaka awe amesikia yote, isije ikawa nanunua msamaha.

Nipe maji, Assia... basi, yanatosha.

Mungu awape riziki ya halali na usingizi mzuri. Awalinde na vita hivi, na sifa za watu pia. Mpendane. Houda, usilie, mwanangu, sikiliza... si hodi hiyo? Mfungulieni. Faruk, usitoke, kaa.

Karibu, Epiphanie. Apana, usikae bado. Usinishike mikono, dada yangu, simama hapo nikuone... Venansi hakuvuka kwenda Uvira.