Bi. Mai Hsiu-luan na Mtungi wa Kabati la Nne

Bi. Mai Hsiu-luan anastaafu tarehe 31 Desemba, baada ya kuitumikia Makumbusho yetu ya Bandari ya Kale, hapa Tainan, kwa miaka thelathini na sita na miezi kumi. Aliajiriwa kufagia ukumbi wa chini. Anaondoka akiwa msimamizi wa ghala, na ndiye mtu pekee katika jengo hili anayejua kila kitu kilipo bila kuwasha kompyuta.

Kimbunga kilipojaza maji ghalani, alipandisha masanduku ghorofani siku nzima, akala wali wake wa mchana saa kumi na moja jioni. Hajavunja chombo hata kimoja. Wakurugenzi watano wamepita hapa, watatu wamevunja.

Wasifu huu ungekuwa wa uongo kama ungenyamazia kabati la nne. Ukumbi lilimo unaeleza jinsi Waholanzi walivyojenga ngome Anping, pwani ya mji huu, na kupeleka Japani ngozi za kulungu wa kisiwa hiki, makumi ya maelfu kwa mwaka. Vibao vyetu vinaita hayo "mabadilishano". Kulungu waliisha. Wasiraya, wenye nchi na mawindo, wametajwa mara moja, mstari wa mwisho: "wakazi wa eneo".

Katika kabati hilo uliwekwa mtungi mdogo wa kijivu, wa aina iliyoletwa na meli za biashara. Kibao kilisema: "Chombo cha biashara. Kitupu. Matumizi hayajulikani."

Mfuta vioo wa ukumbi huo, wakati ule Bi. Mai mwenyewe, aliyajua matumizi hayo. Bi. Mai ni Msiraya. Kijijini kwake mtungi kama huo hukaa madhabahuni ukiwa na maji, na mlinzi wa ukoo hukaa ndani ya maji hayo. Maji hubadilishwa siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo. Mtungi hauachwi mkavu. Sisi tuliumwaga siku ulipopokelewa, tukaukausha kwa feni, tukaandika kwamba ni mtupu.

Fundi wetu wa vipimo, Bwana Chiu, anakumbuka mwaka ambao unyevu wa kabati la nne ulipanda kila baada ya wiki mbili. Alibadilisha kipimo mara tatu kabla ya kumkuta Bi. Mai na birika.

"Kumbe ni wewe, Dada Luan! Mimi nimefungua hili kabati mpaka skrubu zimelegea!"

"Ungeniuliza. Unaongea na kipimo, mimi hunisemeshi."

Bi. Mai alipewa onyo la maandishi. Kipimo hakikubadilishwa tena, na Bwana Chiu akajifunza kutazama pembeni siku mbili kila mwezi.

Baadaye alikuja profesa mgeni kutoka Ulaya, akauelekezea kidole mtungi na kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba vyombo vya namna hii ni yatima wa historia.

"Yatima wa nani, Profesa?" akauliza Bi. Mai, kitambaa mkononi. "Wenyewe tupo. Mmoja anakufutia kioo."

Profesa alicheka, akidhani ni mzaha. Mkalimani hakucheka.

Alipohamishiwa ghalani, Bi. Mai aliikuta kadi ya mapokezi. Mkusanyaji aliyetuletea mtungi mwaka 1974 alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Umeazimwa kwa mama wa ukoo wa Mai. Urudishwe baada ya kupiga picha." Mama huyo ni nyanya yake. Alikaa akingoja hadi alipofariki, na madhabahu ikawa na alama ya duara pale mtungi ulipokaa.

Bi. Mai aliiwasilisha kadi kwa bodi mara tano. Nimesoma majibu yote. La kwanza linasema kadi haina muhuri. La tatu linasema kijiji hakina kabati lenye kipimo cha unyevu. La tano, la mwaka huu, limeandikwa kama zawadi ya kustaafu: bodi inakubali kukiazima kijiji mtungi huo kwa siku moja, siku ya sherehe yao, kwa fomu ya kawaida.

Yaani aliyeazima na kukaa na kitu cha watu miaka hamsini na moja sasa anamwazima mwenyewe kitu chake. Nimeripoti habari za mahakama kwa muda mrefu kabla ya kuja hapa, na sijasikia mshtakiwa akisema hivyo bila kuona haya.

Fomu za kuazima hujazwa na msimamizi wa ghala. Bi. Mai aliijaza kwa mwandiko wake safi, na Mkurugenzi Ko akatia sahihi bila kuisoma, kama anavyofanya kwa fomu zake zote, kwa kuwa hazina makosa. Siku ya sherehe, mwezi uliopita, mtungi uliwekwa juu ya ile alama ya duara. Ulienea barabara. Ukatiwa maji, ukawekewa sadaka ya popoo na pombe ya mchele.

Haujarudi. Wiki hii nimeombwa niandike barua ya kuudai, nikaenda kuitoa fomu. Kwenye nafasi ya tarehe ya kurudisha, juu ya sahihi ya Mkurugenzi, imeandikwa: "Baada ya kupiga picha."

Dada Luan, ahsante kwa kazi. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na uzee mwema karibu na maji yako. Picha pigeni taratibu. Hapa hakuna mwenye haraka.