Kahawa Baadaye: Mzee Zénon Anaaga Yadi ya Karavani

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei, Mzee Zénon anavua ovaroli yake ya buluu na kustaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kukagua karavani zilizotumika katika yadi yetu karibu na Fittja. Filip, bosi wetu, ameandika upande wa Kiswidi wa karatasi hii. Ameandika nusu ukurasa na kumsifu Mzee kwa kuwahi kazini. Upande wa Kiswahili nimepewa mimi, Amne, niliyefanya kazi chini ya Mzee miaka kumi, na nina mengi zaidi ya kuwahi.

Kwa wageni wetu wa leo ambao hawajawahi kununua karavani: ni kijumba cha kukokotwa nyuma ya gari, chenye vitanda, jiko na choo, na watu wa hapa huenda nacho likizo. Kikiwa kipya hakina neno. Kikifikisha miaka kumi, mara nyingi mvua imeshapata upenyo kwenye maungio, na ukuta unaoza kwa ndani huku kwa nje unang'aa. Muuzaji hakwambii, na pengine hata yeye hajui. Kazi ya Mzee Zénon ilikuwa kujua kabla mnunuzi hajatia sahihi.

Alizaliwa Gitega, Burundi, akajifunza useremala na Kiswahili katika kambi ya wakimbizi Kigoma, akafika Stockholm mwaka 1997. Machi 1999 aliajiriwa kwetu kufagia yadi. Siku ya tatu alimwambia bosi wa wakati huo kwamba karavani iliyopangwa mbele kabisa, ile ya kuvutia wateja, ilikuwa imeoza chini ya dirisha. Bosi akacheka. Mzee akabonyeza ukuta kwa kidole gumba na kidole kikazama. Wiki iliyofuata ufagio alipewa mtu mwingine.

Namna yake ya kufanya kazi tunaijua sote. Anaingia peke yake, anafunga mlango na madirisha, anaketi kwenye kochi dakika kumi na tano. Hasemi, hashiki simu, ananusa tu. Kisha unakuja mkono, halafu kipima unyevu. Kitu kipya ndani ya karavani kuukuu humtia wasiwasi: karatasi ya ukutani iliyobadilishwa pembe moja tu, gundi mbichi kuzunguka dirisha moja, manukato ndani ya kabati, zulia mahali ambapo hakuna anayehitaji zulia. Muuzaji akisema matairi ni ya mwaka jana, Mzee anainama, anasoma zile tarakimu nne ubavuni mwa tairi zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kisha anampa muuzaji pole. Papy, fundi wetu wa matairi, anadai kwamba Mzee hunusa hata simu kabla ya kuipokea.

Na hagusi kahawa ya muuzaji hadi ukaguzi uishe. Hapa Sweden kumkatalia mtu kahawa si jambo dogo, na Filip ana faili zima la barua za watu walioudhika. Sababu ya mwiko huo imetundikwa ukutani kwetu, juu ya mashine ya kahawa. Ni kipande cha ubao wa karavani uliooza ukawa mweusi, unaomeguka, kimeandikwa kwa chaki: 2009. Kila mfanyakazi mpya hupewa ubao huo aunuse, kisha Mzee mwenyewe humsimulia kilichotokea. Hajipambi hata kidogo anaposimulia.

Mwaka huo Dative, mwimbaji mwenzake wa kwaya, mama wa watoto wawili aliyekuwa akihudumia wazee Hagsätra, alitaka karavani. Alikuwa na sababu nzito kuliko likizo. Kila Agosti mwalimu aliwauliza watoto darasani walikwenda wapi wakati wa kiangazi, na kila Agosti Elise na mdogo wake Gilles walikuwa hawana la kusema. Dative aliona tangazo la bibi mmoja wa Vällingby aliyekuwa akiuza karavani yake. Dative hakutaka cheti wala dhamana. Alitaka Zénon aingie ndani na kusema ndiyo.

Zénon akaenda. Bibi alikuwa amewasha jiko la karavani na kuoka kanelbullar, ile mikate midogo ya mdalasini, akaweka na kahawa mezani. Zénon akakaribishwa, akaketi, akala miwili, akasifu. Harufu ya mdalasini ilijaa mpaka darini. Kipima unyevu kikabaki garini, kwa sababu kwa malezi yake mtu akishakulisha nyumbani mwake, huanzi kumfungulia makabati na kumfunulia magodoro. Aliona haya. Akagonga ukuta mara mbili kwa adabu, akampigia Dative simu na kusema ndiyo.

Wiki ya kwanza ya Julai, kando ya ziwa, mvua ikinyesha, Gilles aliruka kutoka kitandani na mguu wake ukapita sakafuni hadi kwenye paja. Namshukuru Mungu aliambulia mikwaruzo tu. Dative alipiga simu. Hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja:

"Kaka Zénon, kweli wewe uliingia humu?"

Mzee alikwenda ziwani. Aliikokota karavani hadi kwetu, akaomba likizo yake yote ya mwaka, na kwa wiki nne aling'oa sakafu na kuta mbili, akahifadhi kipande kimoja kilichooza, akazijenga upya ubao kwa ubao. Agosti watoto walikaa ziwani siku tisa, na shuleni wakawa na la kusema. Dative alishukuru. Lakini tangu hapo, aliponunua gari, aliuliza wengine. Aliponunua friji, aliuliza wengine. Kanisani walisalimiana vizuri, kwaya iliimba, na kila masika Mzee alikwenda kuikagua ile karavani bila kuitwa. Alichotaka ni kitu kimoja tu, Dative amwombe neno lake tena. Hakuwahi kuomba aombwe. Nilimwona akingoja, na nakiri kwamba iliniuma.

Miaka kumi na saba ikapita hivyo. Aprili mwaka huu simu ya ofisini ililia nikaipokea mimi. Alikuwa Dative. Elise sasa ana binti wa miaka minne, na alikuwa amepata karavani mtandaoni, upande wa Södertälje.

"Mwambie Zénon aingie," akasema, akakata.

Nilimpelekea Mzee ujumbe huo akiwa chini ya gari. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Tulikwenda Jumamosi, Mzee na mimi, pamoja na Dative, Elise na binti yake. Muuzaji, kijana mcheshi, alikuwa ameandaa chupa ya kahawa na vikombe sita. Mzee akamshukuru, akasema baadaye, akaingia, akafunga mlango. Sisi tulisimama nje kwenye baridi. Dakika kumi na tano zikawa ishirini. Kisha akafungua mlango, akaniita ndani na kunionyesha, nyuma ya mto wa kochi, kipande cha karatasi ya ukutani kipya kisichozidi kiganja. Nikaweka kipima unyevu, kikapiga kelele.

"Hii hapana," akasema Mzee.

Elise alikuwa ameshakipenda kile kijumba, na mtoto alikuwa ameshachagua kitanda. Akaanza kumbishia mama yake kwa Kiswidi, harakaharaka, kwamba ni kidoa kidogo tu, kwamba kinatengenezeka. Dative alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa Kiswahili.

"Zénon amesema hapana. Twende."

Mzee aligeuka akajifanya anasoma tarakimu za tairi. Tairi lile alikuwa ameshalisoma.

Wiki mbili baadaye walipata nyingine, kavu kila pembe, na sahihi ya Mzee iliyo chini ya cheti cha karavani hiyo ndiyo ya mwisho katika daftari letu. Ule ubao uliooza alitaka kuondoka nao. Tumekataa. Utabaki juu ya mashine ya kahawa, na kuanzia Jumatatu mimi ndiye nitakayeusimulia.

Mzee wetu, asante kwa pua yako, kwa mkono wako, na kwa kutuonyesha kosa lako kabla hatujafanya la kwetu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na kiangazi kikavu. Dative yuko meza ya mbele. Ameamka alfajiri kuoka kanelbullar, na ameniagiza nikuandikie hapa kwamba leo hakuna cha kukagua.

Kula, Mzee. Kahawa iko tayari.